Wavu, nyuzi, bati au maficho? Namna ya kulinda samaki wa kidimbwi cha nyuma ya nyumba Malindi

Ukiwaambia watu wa Malindi kwamba unafuga samaki nyuma ya nyumba, jibu la kwanza ni kicheko. Bahari ile pale, wewe wachimba shimo! Kicheko hukoma kusi ikivuma, mashua zikilala mchangani siku nyingi na changu akipanda bei. Hapo jirani huja kuchungulia kidimbwi chako na kuuliza perege wamefika wapi.

Wangu hawakuwa wamefika popote. Nilitia vifaranga 60 kwenye kidimbwi cha mita 5 kwa 4, kina mita moja, chini nimetandika damlaina, yaani turubai nene la plastiki la kuzuia maji yasivuje. Wiki ya sita nikapunguza maji ili niwahesabu: 23. Sikuwa nimeona aliyeelea, maji hayakunuka, na chakula kilikuwa kikiliwa. Nikaenda moja kwa moja dukani kununua wavu, nikautandaza, nikalala usingizi mzuri. Samaki wakaendelea kupungua. Mwizi wangu hakuwa akitoka angani.

Kwa hivyo kabla ya kulinganisha chochote, mjue anayekula. Chukua mchanga mlaini, uutandaze upana wa hatua moja kuzunguka kidimbwi. Magharibi uupitishie fagio la chelewa hadi uwe sawa kama kitambaa. Alfajiri, kabla kuku hawajatoka, nenda ukasome, na usome tena jioni kabla ya kufagia, maana wengine huja mchana.

Vidole vitatu virefu mbele na kimoja nyuma ni korongo au jamaa zake. Mara nyingi hatui majini. Hutua kando, akasimama kama mti, kisha akaingia kwa miguu. Perege mkubwa aliyemponyoka huwa na jeraha la kudungwa ubavuni. Yangeyange huacha nyayo kama hizo lakini ndogo zaidi. Fundichuma naye hupenda ukingo wenye tope, analikoroga kwa mguu na kudonoa kinachotoka.

Ikiwa mchanga ni safi na wanaopungua ni vifaranga tu, shuku mdiria, hasa yule mweusi na mweupe anayesimama hewani akipigapiga mabawa, halafu anadondoka kama jiwe. Tazama chini ya waya au tawi lililo karibu: utakuta vinyesi vyeupe na vijifupa. Mnandi, ndege mwingine wa kupiga mbizi, huzama na kuwakimbiza samaki chini ya maji, naye hajali kina.

Nyayo za makucha kushoto na kulia, na katikati mfereji uliopindapinda kama kamba iliyoburutwa, huo ni mkia wa kenge. Ndio niliousoma mimi. Kenge wa majini hufika mita mbili, anaogelea, anapanda na kuchimba, na hufanya kazi mchana, saa ambazo wewe uko kazini. Sisi tulio karibu na mto Sabaki tunao wa kutosha.

Alama ya kandambili ni habari nyingine, nitaigusa baadaye.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: inamzuia nani na inamwachia nani, gharama na kazi kwa kidimbwi cha ukubwa kama wangu, inavyostahimili chumvi, jua na kusi, kero yake wakati wa kulisha na kuvua, na hatari yake kwa watoto na viumbe wengine. Bei sitaji, maana hubadilika kila nikirudi dukani. Nataja vipimo, hesabu utaipiga mwenyewe.

Kuua hakumo katika njia hizi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege hawa na kenge pia, na sumu inayowekwa kando ya kidimbwi mvua moja tu huitia ndani. Ukimaliza kumuua korongo utakuwa umeua perege, na pengine paka wa jirani.

Wavu wa juu

*Unamzuia nani.* Ndege karibu wote, mradi ufungwe sawasawa. Macho ya inchi moja hadi moja na nusu humzuia hata mdiria. Watu wengi hapa huomba jarife kuukuu kwa wavuvi kwa sababu ni la bure, na kwa korongo linafaa, lakini macho yake ni makubwa, mdiria hupita kama mlangoni. Kenge hupita chini ya wavu ikiwa kingo hazikubanwa. Mimi nilikuwa nimezizuia kwa mawe mawili matatu, naye aliyasukuma tu.

Jambo linalosahaulika ni kimo na mkazo. Wavu uliolegea ukagusa maji si kinga, ni meza: korongo husimama juu yake, uzito wake unauzamisha, naye anadonoa samaki kupitia machoni. Uinue nusu mita juu ya maji na uukaze mpaka ukiutupia nazi inaruka.

*Gharama na kazi.* Kwa kidimbwi cha 5 kwa 4 utahitaji wavu wa 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30, nguzo sita hadi nane, na waya wa kukazia. Nguzo za mvinje ndizo zinazopatikana kwa urahisi Malindi. Mchwa huzipenda. Dawa ya kienyeji ni kupaka oili chafu, lakini usifanye hivyo kando ya maji unayofugia; ninazitia kwenye vikopo vya zege.

*Chumvi na kusi.* Nailoni haipati kutu, ila jua huichakaza, nayo huanza kukatika kwenye mafundo. Waya wa kuku usijaribu karibu na bahari. Kutu itaumaliza kabla hujavuna mara ya pili. Kusi ikishika, wavu wenye macho madogo hugeuka tanga na kung'oa nguzo, na majani ya mkungu yakirundikana juu yake mvua ikanyesha, unalala katikati.

Wapo wanaotumia neti ya kivuli, ile ya kijani ya bustanini. Inazuia ndege, inapunguza maji kukauka wakati wa kaskazi, lakini inakata mwanga. Perege hula sana ule ukijani wa majini, na ukijani unataka jua. Ukifunika kidimbwi kizima utalipa tofauti kwa chakula cha dukani. Nusu kwa nusu ni bora.

*Kero.* Kulisha si tabu ukiacha upande mmoja ufunguke kama dirisha. Kuvua ndiko kunakochosha. Lazima ufungue karibu wote.

*Hatari.* Usitumie zile nyavu nyembamba za plastiki za uzi mmoja. Zenyewe zimekatazwa kuvulia baharini, na zikilegea juu ya kidimbwi ndege hawazioni, hunasa na kufa humo. Asubuhi moja nilikuta kenge mdogo amejisokota katika kipande cha wavu wa namna hiyo nilichokiweka pembeni. Kumtoa kulinichukua nusu saa, mkasi, gunia la kumfunika kichwa na kofi moja la mkia lililoniacha na mstari mwekundu mguuni. Na wavu si kifuniko: mtoto akiuegemea anaanguka nao, na kutoka ndani ni vigumu kuliko kama usingekuwapo.

*Unamfaa* mwenye vifaranga wachanga na ndege wengi, na anayeweza kuuangalia kila siku.

Nyuzi za mshipi

*Zinamzuia nani.* Korongo, yangeyange na ndege wengine wanaohitaji nafasi ya kutua na kutembea. Miguu yao hukutana na uzi wasioutarajia, nao hawapendi. Mdiria anapita baina ya nyuzi bila wasiwasi, na kenge hata hajui kama zipo.

*Gharama na kazi.* Hapa ndipo zinaposhinda. Kila sentimita 30 kwa urefu wa mita 5 ni nyuzi 16, kila moja mita 4: jumla mita 64. Ongeza mizunguko miwili pembeni, mmoja kimo cha sentimita 15 au 20 na wa pili 40, ili anayeingia kwa miguu akwame. Mizunguko hiyo ndiyo inayosaidia kuliko zile nyuzi za juu, lakini wengi huiacha. Roli mbili za mshipi za mita 100 zinatosha na zinabaki. Kazi yote ni ya asubuhi moja.

*Chumvi na kusi.* Upepo haupati pa kuzishika. Jua huzilegeza, zikaze kila wiki mbili.

*Kero.* Ndogo. Unalisha kupitia katikati, na siku ya kuvua unafungua upande mmoja, unazikunja.

*Hatari.* Mtoto anayekimbia haoni uzi, hata mtu mzima jioni haoni. Funga vipande vya kitambaa cheupe. Wengine hutundika utepe wa kaseti za zamani unaovuma kwa upepo. Unasaidia siku za mwanzo, halafu korongo huuzoea kama sisi tulivyozoea honi za tuktuk.

*Zinamfaa* mwenye perege wakubwa wa kiganja na kuendelea, ambao mdiria hawawezi, na asiyeona dalili ya kenge.

Uzio wa bati

*Unamzuia nani.* Kenge, nguchiro, na korongo kwa kiasi, maana hapati pa kuingilia kwa miguu ingawa anaweza kutua ndani. Ndege wanaopiga mbizi hauwahusu.

Wengi tuna kuta za mawe ya matumbawe kuzunguka uwanja na tunadhani zinatosha. Jiwe la matumbawe kwa kenge ni ngazi. Tena karibu kila ukuta una tundu la kutolea maji ya mvua, nalo ndilo lango lake kuu. Lizibe kwa nondo au wavu mgumu kabla hujatumia shilingi kwa kitu kingine chochote. Mama mmoja jirani, Mgiriama aliyekulia Ganda, ndiye aliyenionyesha la kwangu. Alisimama, akatazama mkia ulivyochora mchanga kuelekea kwenye ukuta, akasema, "Mwanangu, huyu hajaruka. Umemfungulia mlango."

*Gharama na kazi.* Ndiyo njia ghali kuliko zote. Uzio ukikaa mita moja kutoka kwenye maji, mzunguko wake ni mita 26. Kwa mabati ya mita 3 yaliyolazwa ubavu ni tisa, na lile la kumi kwa kupishana na kimlango. Chimbia sentimita 25 hadi 30 ardhini, maana anachimba, juu ibaki zaidi ya nusu mita. Tafuta bati bapa, lisilo na migongo. Lile la kuezekea likilazwa ubavu migongo yake inakaa kama vipandio. Nguzo ziwe upande wa ndani, asipate pa kushika nje, na pasiwe na tawi wala rundo la makuti lililoegemea.

*Chumvi na kusi.* Chumvi ndiyo adui. Sehemu ya chini iliyozikwa huanza kuliwa mapema. Ipake rangi ya lami na uiache ikauke kabisa kabla ya kuizika. Uzio ni mfupi, upepo hausumbui sana.

*Kero.* Unavuka kwa mguu au unafungua kimlango. Siku ya kuvuta wavu, mita moja ya nafasi ndani inatosha kusimama. Ukiubana zaidi utajuta.

*Hatari.* Ncha za bati hukata. Zikunje au uzifunike kwa mpira wa maji uliopasuliwa. Kwa upande wa watoto wadogo uzio ni faida, ndiyo njia pekee kati ya hizi inayomchelewesha mtoto kufika majini, ila ni mfupi, anaweza kuupanda, kwa hivyo bado lazima aangaliwe.

*Unamfaa* aliyesoma mkia kwenye mchanga, na mwenye watoto nyumbani, akiwa ana mpango wa kufuga kwa miaka.

Kina na maficho ndani ya maji

Hii si kizuizi. Unamwacha mwindaji aje, ila akute kazi ngumu. Watu huiona ya kimaskini, mimi naiona ndiyo inayofikiriwa kidogo kuliko inavyostahili.

*Inamzuia nani.* Korongo anahitaji kusimama. Kingo zikiwa wima na maji mita moja tangu ukingoni, hana pa kuweka mguu. Kidimbwi kilichochimbwa kama sahani, kingo zinateremka polepole, kimemjengea baraza. Mdiria hupiga mbizi karibu na uso wa maji, hivyo kifaranga mwenye pa kujificha chini ana nafasi nzuri ya kupona. Kwa mnandi maficho husaidia kuliko kina. Kenge hupunguzwa kasi tu, hazuiwi.

Maficho ni nini? Vipande vya bomba la maji taka la inchi nne au sita, mitungi iliyovunjika, matofali yaliyopangwa na nafasi. Yungiyungi juu ya maji, lisizidi theluthi moja ya uso. Gugu maji usilichukue hata ukipewa bure. Litafunika kidimbwi chote na kuwanyima samaki hewa.

Na hewa ndiyo siri ya jambo hili. Usiku mimea na ukijani wa majini havitoi hewa safi, vinaitumia. Kukaribia alfajiri maji yanakuwa na hewa kidogo kuliko saa yoyote, na ikiwa umelisha kupita kiasi au maji yamekuwa mazito, perege hupanda juu kuhema midomo wazi. Korongo huwinda saa hiyohiyo. Bomba uliloliweka chini halimsaidii samaki ambaye hana hewa ya kukaa chini. Asubuhi ukiwaona wanahema, acha kulisha siku hiyo na uingize maji mapya kabla hujalaumu ndege.

*Gharama na kazi.* Karibu bure ukiwa bado unachimba. Kama kidimbwi kipo tayari, kuzisimamisha kingo maana yake ni kukausha, kujenga kwa bloki na kutandika upya.

*Chumvi na kusi.* Havihusiki.

*Kero.* Siku ya kuvua. Wavu wa kuvuta hunasa kwenye kila bomba, kwa hivyo utoe maficho kwanza, samaki wanakimbia, unakoroga tope, unatukana. Yafunge yote kwa kamba moja uyavute pamoja.

*Hatari.* Kingo wima na maji marefu ni hatari kubwa kwa mtoto. Pasipo ngazi au kamba ya kushika, hata mtu mzima hatoki kirahisi kwenye damlaina yenye utelezi.

*Inamfaa* anayechimba sasa, asiye na watoto wadogo, na anayevuna mara moja au mbili kwa mwaka badala ya kuvua kitoweo kila Ijumaa.

Vingine, kwa ufupi

Mbwa ni mzuri kwa kenge na kwa kandambili, ikiwa analala karibu na kidimbwi. Sanamu ya mtu huhamishwa kila siku au haina maana. Kunguru wetu, wale wa Bara Hindi waliojaa mjini, huwasumbua ndege wengine kweli, ila wangu walijilipa kwa kuokota chakula kinachoelea. Bata usiwaweke, vifaranga wa samaki ni kitafunio chao.

Usisahau pia adui wa ndani. Kambare mmoja aliyeingia na maji au aliyechanganywa na vifaranga atakula samaki wako wote wadogo bila kuacha unyayo. Lava wa kereng'ende nao hula vifaranga waliotoka kuanguliwa. Ukiweza, walee wachanga kwenye tangi lililofunikwa mpaka wafike urefu wa kidole.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Ikiwa ndio umetia vifaranga na mchanga uko safi huku wanapungua: wavu wa macho madogo kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Wakifika kiganja, utoe ukafunge nyuzi, wavu uuweke kivulini kwa awamu ijayo. Utadumu mara mbili.

Ikiwa uko Mambrui au upande wa Sabaki, unaona korongo na mkia pamoja: anza na ardhi. Ziba tundu la ukuta, weka bati, kisha nyuzi juu. Wavu juu ya bati pia unawezekana, lakini pima kama mavuno ya kidimbwi chako yanalipa.

Ikiwa nyumba ni ya kupanga: nyuzi na mabomba. Vyote unavibeba ukihama.

Ikiwa kuna mtoto wa chini ya miaka sita nyumbani, uzio kwanza, hata kama korongo anakula wawili watatu. Hilo sijadili.

Ikiwa unafugia kwenye bwawa kuukuu la kuogelea la nyumba ya wageni, kama wafanyavyo wengine Malindi, tayari una kingo wima na kina. Ongeza maficho upande wenye kina kirefu, nyuzi upande wa ngazi ambako korongo atasimama, na kipande cha neti ya kivuli pale unapolishia.

Ikiwa mchanga ulikuonyesha kandambili: wavu uliokazwa humchelewesha, mbwa humtangaza, na taa hukuwezesha kumjua. Mimi wangu nilimjua kwa ukubwa wa mguu. Nilimpelekea perege wawili wa kukaanga siku ya mavuno, nikamwambia mwakani aje mchana anisaidie kuvuta wavu. Alikuja.